Waliolala Kibaoni

Saa 2:10 asubuhi, Jumatatu tarehe 14 Machi 2067, kioo cha mezani kwa Subilaga Mwalwisi kilionyesha kwamba usiku uliopita watu 1,907 walikuwa wamelala ndani ya mita hamsini kuzunguka kibanda kimoja cha maji.

Aliisoma namba hiyo mara mbili, kisha akafungua picha ya anga. Palikuwa na kibanda chenye paa la bati, matangi mawili, mgunga mmoja na uwanja wa udongo mwekundu. Nyumba hapakuwa na hata moja. Alipiga hesabu: kila mmoja wa watu hao angepata mita nne za mraba, bila ukuta, bila paa, bila choo.

Mahali hapo paliitwa Kibaoni. Kilomita kumi na tisa kutoka hapo, picha ilionyesha kijiji cha Ngwandoi chenye mapaa mia nne na kumi, shule na zahanati. Takwimu zilisema Ngwandoi ina wakazi 88.

Subilaga alikuwa mhakiki wa takwimu katika Ofisi ya Uratibu Maalumu, Dodoma. Ofisi hiyo ilikuwa na nafasi kumi na mbili tu. Mradi ulioingia katika kumi na mbili ulipewa mratibu mmoja na jalada moja, na kila taasisi ya serikali ilipaswa kuujibu ndani ya siku ishirini na moja. Taasisi iliyokaa kimya ilihesabiwa kuwa imekubali. Mradi uliobaki nje ulipanga foleni kwenye kila taasisi peke yake. Mwaka huo yalikuwapo maombi 214, na Ijumaa tarehe 25 orodha ya kumi na mbili ilikuwa isainiwe.

Waliochagua hawakuwa watu. Ulichagua mfumo ulioitwa Ungo, kwa sababu ulipepeta. Uliangalia idadi ya watu watakaofikiwa, faida ya kiuchumi, utayari wa mradi na ugumu wa kuuratibu. Idadi ya watu uliipata kwenye bangili za utambulisho, ambazo kila raia aliyetimiza miaka saba alipaswa kuzivaa. Kila siku saa nane usiku minara ilisoma kila bangili ilipo, na pale ilipo ndipo mwenyewe alipohesabiwa kuwa anaishi. Sensa ya makarani na madodoso ilifutwa mwaka 2049.

Jalada la Bomba la Maji la Ngwandoi lilikuwa na umri wa miaka tisa. Kisima cha kijiji kilikuwa na miligramu kumi na moja za floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa, kwa lita, wakati kiwango kinachokubalika ni moja na nusu. Mamlaka ya maji ilikuwa inasubiri kibali cha mazingira. Watu wa mazingira walisubiri ramani ya ardhi. Watu wa ardhi walisubiri michoro ya barabara, na watu wa barabara walisubiri barua ya mamlaka ya maji. Barua zote zilikuwamo ndani ya jalada, kila moja ina muhuri, kila moja ina adabu.

Ungo uliupa mradi huo pointi 58.6. Mradi wa kumi na mbili kwenye orodha, Bandari ya Meli-hewa, ulikuwa na 70.4. Chini ya jina la Ngwandoi mfumo ulikuwa umeandika sababu: *Wakazi 88. Waliohama wapo Kibaoni. Umbali wao wa wastani hadi maji salama: mita 23.*

Subilaga alichukua kioo chake cha mkononi akaenda kwa mkurugenzi.

Kajetan Ngonyani alikuwa akimenya chungwa juu ya gazeti, ganda likitoka refu bila kukatika. Hakuinua macho.

"Mkurugenzi, kwenye Ngwandoi kuna kosa."

"La Ungo au letu?"

"Kuna watu elfu moja mia tisa na saba wanaolala kwenye kibanda cha maji."

"Hicho si kibanda, ni hoteli." Akaangalia kioo, akaacha kumenya. "Bangili zipo, watu hawapo."

"Ndivyo ninavyoona."

"Wameziacha. Unajua ukiandika hivyo kinatokea nini."

Alijua. Mhakiki aliruhusiwa kurekebisha takwimu kwa mkono, lakini Ungo haukupokea rekebisho bila sababu, na sababu zilikuwa tano tu kwenye orodha. Mbili ndizo zilizokaribia. Ya kwanza ilikuwa *hitilafu ya mtambo*, na hapakuwa na hitilafu yoyote. Minara ilisoma sawasawa. Ya pili ilikuwa *utelekezaji wa kitambulisho*. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini ukishaichagua, mfumo huwafungia wahusika wote huduma kwa miezi sita: dawa, shule, mgao wa chakula, kura. Hufanya hivyo papo hapo, bila kumuuliza mtu.

"Kwa hiyo nikisema kweli, nawaadhibu," alisema Subilaga. "Nikinyamaza, hawapo."

"Kuna la tatu. Andika hitilafu ya mtambo, mimi nitakuwa nakula chungwa."

"Sijawahi kusaini kitu ambacho si kweli."

"Najua. Ndiyo maana ukisaini wewe hakuna anayekagua." Alikata chungwa vipande viwili, akamsogezea kimoja. "Chukua gari. Una siku kumi na moja."

* * *

Jumanne saa 4:35 asubuhi alifika Kibaoni. Bangili zilikuwa zimetungwa kwenye kamba nane kati ya kibanda na mgunga, zikining'inia kama vitunguu vilivyofungwa mafungu sokoni. Kila moja ilikuwa na kipande cha kitambaa: buluu, khaki ya shule, kitenge, shuka la hospitali. Chini ya kamba ya kwanza mwanamke wa miaka arobaini na kitu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo mapajani, daftari mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umekuja kupanga foleni, mwisho ni kamba ya nane."

"Sijaja kupanga. Natoka Dodoma."

"Basi umekuja kuzikamata."

"Nimekuja kuzihesabu."

"Kati ya kuhesabu na kukamata huwa zinapita siku ngapi?"

Subilaga alikaa chini. Mwanamke alimtazama akikaa kwenye udongo na sketi ya ofisini, akaona si mtu wa kukamata, au basi ni mtu wa kukamata asiyejua kazi yake.

Aliitwa Hawa Ntandu, na kijiji kilimjua kama Mama Zulfa. Alikuwa mlinzi wa kamba. Alichaguliwa mkutanoni, kwa kunyoosha mikono, kwa sababu hakuwa na upendeleo na alikuwa na mwandiko mzuri.

Kibanda kilikuwa na jicho lililosoma bangili zote zilizo ndani ya mita hamsini na kuzipa namba kwa kufuatana na zilivyofika. Bangili ikitoka nje ya duara, namba yake inakufa. Zamu ikifika, bangili moja hutoa lita kumi. Kisima cha chini kilikuwa kidogo, na kibanda kilihudumia bangili mia mbili na arobaini kwa siku. Zamu ya mtu ilifika kila baada ya siku nane.

"Mtu hawezi kukaa hapa siku nane," alisema Hawa. "Bangili inaweza. Haili, haikojoi, hainyonyeshi. Zamani mama yangu alikuwa anaacha jiwe kwenye foleni ya zahanati, anaenda shambani, akirudi anakuta jiwe limesogezwa na wenzake hadi mlangoni. Sasa mawe hayasomwi."

"Na mtu akiugua?"

"Anakuja kuchukua yake, anaenda kutibiwa, anarudi mwisho wa foleni. Wengi wanaona bora waugue."

Subilaga alizihesabu zote, kamba kwa kamba, na Hawa alifuatisha kwenye daftari. Zilitimia 1,907.

"Toa moja," alisema Hawa. "Hii yenye kitambaa cha khaki ni ya mzee Sima. Alifariki Januari. Amekuwa mkarimu kuliko alivyokuwa hai, kila siku nane anatugawia lita kumi."

"Lazima niitoe."

"Nimekwambia uitoe. Mimi siibii serikali, nachelewa tu kuitaarifu." Alifungua fundo, akaiweka bangili ya marehemu kwenye kiganja cha Subilaga. Ilikuwa ya moto kwa jua.

Mtoto wa miaka sita alikuja kutoka upande wa matangi, akitembea kwa kuyumba. Miguu yake ilikuwa imepinda kwenda nje kuanzia magotini, kama mabano. Alisimama akamtazama mgeni, akatabasamu kwa meno ya kahawia.

"Huyo ndiye Zulfa," alisema Hawa. "Hana bangili, hajafika saba. Kwa hiyo hana lita. Nyumbani tuna bangili mbili, yangu na ya mama. Lita ishirini kwa siku nane. Nikimnywesha yeye peke yake zinatosha. Lakini uji na ugali napikia ya kisima, na daktari wa wilaya anasema sumu haichemki ikaisha."

"Haichemki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki."

"Amesema akipata maji safi kwa kila kitu kabla ya miaka minane, miguu inaweza kunyooka. Baada ya hapo mfupa ukishashika umeshika. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ana sita na miezi minne." Hawa alifunga daftari. "Sasa wewe niambie. Huko kwenu mashine inasema tuna maji?"

"Inasema mnaishi mita ishirini na tatu kutoka kwenye maji."

Hawa alitazama kamba zote nane, moja moja, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa na mwenyewe. "Kwa hiyo kwa kuwa hatuna maji, tumeandikwa kwamba tunayo."

"Ndiyo."

"Na nyinyi maafisa, mkiziacha hizi bangili?"

"Tunaitwa mbele ya Baraza la Maadili. Tunaeleza, tunaleta mashahidi. Shahidi haadhibiwi kwa anachokieleza."

"Na sisi?"

"Nyinyi mfumo unakata wenyewe."

"Nilitaka tu kusikia ukilisema," alisema Hawa.

* * *

Saa 10:15 jioni ile, kwenye darasa la shule ya Ngwandoi, Subilaga alisimama mbele ya watu wapatao mia tatu na kuwaeleza Ungo bila kupamba. Mfumo ulichukua wastani wa usiku saba. Kama kila mtu angevaa bangili yake akalala nayo nyumbani usiku saba, kuanzia leo hadi Jumatatu, Jumanne asubuhi Ngwandoi ingeonekana.

"Tukizitoa kule, watu wa kijiji jirani cha Mwanga watajipanga mbele yetu," alisema mwanamume mmoja dirishani. "Tutapoteza zamu moja nzima, labda mbili."

"Ndiyo. Mtakunywa maji ya kisima kwa wiki mbili."

"Watoto pia?"

"Watoto pia."

Mngurumo ulipita darasani. Hawa alikuwa amekaa dawati la mbele, magoti yamebanwa kama mwanafunzi. Aliinua mkono.

"Dada, swali langu ni fupi. Mashine ikituona, mradi unaingia?"

Subilaga alikuwa ameshaifanya hesabu ndani ya gari. Kipengele cha watu kingepanda kwa pointi 14.9. Jumla ingekuwa 73.5, na mstari ulikuwa 70.4. Vipengele vingine vitatu havikuwa vimebadilika kwa miaka miwili. Alisema hivyo, kwa namba hizo.

"Wewe ni mtu wa namba," alisema Hawa. "Sisi tutakuamini kwa namba zako."

Walinyoosha mikono. Kufikia saa moja jioni pikipiki za mizigo zilikuwa zimeleta bangili zote kutoka Kibaoni, na Hawa alizigawa mlangoni mwa zahanati akisoma majina daftarini. Watu walizivaa huku wakizigeuza-geuza mkononi. Wengine zilikuwa zimewapwaya.

* * *

Jumanne tarehe 22 Machi, saa 2:00 asubuhi, Ungo ulihesabu upya. Ngwandoi ilikuwa na wakazi 1,994, pamoja na wale 88 wa mwanzo. Pointi za mradi zilikuwa 69.9.

Subilaga alifungua vipengele. Watu: kimepanda 14.9, kama alivyosema. Utayari na uchumi: vilevile. Ugumu wa uratibu ulikuwa umekata 3.6.

Alisoma maelezo. Kijiji kilipokuwa na watu 88, bomba lilipita kwenye ardhi tupu na lilihitaji taasisi nne. Sasa lilipita kwenye makazi, kwa hiyo ziliongezeka taasisi tatu: za fidia, za afya na za makaburi. Taasisi saba zilimaanisha hatari ya kuchelewa, na kila hatari ya kuchelewa ilipunguza alama.

Kosa lilikuwa lake. Hakuwa amekigusa kipengele ambacho hakikuwa kimebadilika kwa miaka miwili, na hakikuwa kimebadilika kwa sababu kwa miaka miwili watu hawakuwapo. Aliwaahidi watu mia tatu 73.5. Watoto wao walikuwa wamekunywa miligramu kumi na moja kwa lita kwa siku saba kwa ajili ya namba hiyo.

Alipokwenda kwa mkurugenzi hakukaa.

"Ofisi hii iliundwa kwa ajili gani?" aliuliza.

"Asubuhi njema na wewe."

"Sheria inasema: kwa miradi ambayo taasisi moja peke yake haiwezi kuikamilisha. Kifungu cha pili. Ndiyo sababu tupo. Halafu Ungo unakata alama za mradi kwa sababu unahitaji taasisi nyingi. Tunawanyima uratibu wanaohitaji uratibu, kwa hoja kwamba wanauhitaji."

Ngonyani alisukuma kiti nyuma. Hakukasirika, na hilo lilimuudhi Subilaga zaidi.

"Nikusimulie," alisema. "Mwaka 2058 hakukuwa na Ungo. Nilichukua miradi kumi na miwili migumu kuliko yote nchini, kwa moyo mweupe, kama wako. Tulikamilisha mmoja. Bungeni wakauliza hii ofisi inafanya nini, bajeti ikakatwa nusu, na ile mingine kumi na mmoja ikafa. Ndipo tukaweka ugumu kwenye mizani. Mwaka jana tumekamilisha kumi na mmoja kati ya kumi na miwili."

"Bandari ya meli-hewa ina taasisi ngapi?"

"Mbili."

"Na mwekezaji ana vibali vyote."

"Karibu vyote."

"Ingekamilika bila sisi."

"Ingekamilika," alikubali Ngonyani. "Na sisi tutapiga picha pale. Ndivyo ofisi inavyoishi hadi mwaka ukifika wa kumsaidia mtu."

"Mwaka gani huo, Mkurugenzi?"

Ngonyani alivuta kioo chake akaangalia zile pointi. "Nusu pointi, Subilaga. Kwenye pointi zenyewe mhakiki anaruhusiwa kuongeza hadi mbili. Andika hitilafu ya mtambo, ongeza nukta sita, watoto wale wanywe maji. Nani atakayelala vibaya?"

Alirudi mezani kwake, akafungua fomu ya marekebisho, akaandika 0.6. Alikaa mbele yake dakika arobaini.

Halafu akaiacha wazi na kufanya jambo ambalo alipaswa kulifanya siku ya kwanza. Aliuliza Ungo ni vibanda vingapi vya maji nchini ambavyo zaidi ya watu mia tano hulala ndani ya mita hamsini. Jibu lilikuja baada ya sekunde tatu. Ukiondoa Kibaoni, vilikuwa thelathini na moja. Watu wake walikuwa 48,220, wote wakiwa wameandikwa kuwa wana maji.

Kwa hao hakukuwa na nusu pointi. Rekebisho la uongo lingeivusha Ngwandoi peke yake na kuliacha kato la ugumu mahali pake, na takwimu zingebaki zimethibitishwa na mhakiki ambaye hakuna anayemkagua.

Alifuta 0.6. Kisha akasoma Kanuni za Utumishi, sura ya tisa, polepole, hadi aya ya mwisho: *Shauri la mhakiki likiwa mbele ya Baraza, hakuna orodha iliyotokana na takwimu alizozihakiki itakayosainiwa hadi Baraza litoe uamuzi.*

* * *

Jumatano saa 9:50 alasiri alikuwa Kibaoni. Kamba zilikuwa zimerudi, zote nane. Mbele yazo kulikuwa na kamba mbili mpya, za watu wa Mwanga. Hawa alikuwa juu ya ndoo yake. Alimwona akishuka kwenye gari na hakunyanyuka.

"Shikamoo mama."

"Hatujaingia," alisema Hawa. "Ungekuwa na habari njema ungepiga simu."

"Hamjaingia. Sitini na tisa nukta tisa. Nilikosea hesabu, sikuangalia kipengele cha ugumu. Kosa ni langu, si lenu wala si la mtambo."

"Imepungua ngapi?"

"Nusu pointi."

"Na nusu pointi huwa inatoka wapi?"

Subilaga angeweza kuliacha swali hilo lipite. "Ningeweza kuiandika mimi. Kwa sababu ya uongo. Mkurugenzi aliniruhusu."

Hawa alifunga daftari. Zulfa alikuwa amelala kwenye kanga kivulini mwa mgunga, miguu yake imetengeneza duara ambalo halikufunga.

"Kwa hiyo kalamu ulikuwa nayo," alisema Hawa.

"Nilikuwa nayo."

"Ungeandika uongo mmoja, mwanangu angekunywa maji."

"Ndiyo."

"Na hukuandika."

"Kuna vibanda vingine thelathini na moja kama hiki. Watu elfu arobaini na nane. Ningeandika, nyinyi mngepita na wao wangebaki wamelala kwenye maji ambayo hawana. Na mwakani Ungo ungekata vilevile."

"Mimi nina mtoto mmoja. Sina thelathini na moja."

"Najua."

"Hujui. Umehesabu." Hawa aligonga ndoo kwa fimbo, mara moja, si kwa nguvu. "Siku saba nimempa uji wa kisima kwa namba yako. Alikuwa ananiuliza mbona leo maji yana chumvi. Ningekuwa na kalamu ile ningeandika mpaka wino uishe, na usiku ningelala fofofo."

Subilaga alivua bangili yake. Mkononi palibaki alama nyeupe. Akamweleza mpango, kwa mpangilio: bangili ya mhakiki ingelala Kibaoni, asubuhi angejaza fomu ileile ya marekebisho, sababu *utelekezaji wa kitambulisho*, jina moja tu, lake. Kwa raia mfumo hukata. Kwa afisa mfumo huita. Baraza likishaita, orodha ya Ijumaa inasimama, na Baraza haliwezi kuamua kwa nini bangili ililala hapa bila kusikia kwa nini nyingine zote zinalala hapa. Shahidi haadhibiwi.

"Na Baraza likisema una hatia?"

"Nafukuzwa kazi. Mnabaki kama mlivyo."

"Na likisema huna?"

"Sijui. Hilo halijawahi kutokea, sina namba yake."

"Afadhali. Namba zako nimezichoka." Hawa alinyoosha mkono, akaipokea bangili, akaipima uzito kana kwamba anatafuta tofauti na nyingine. "Shahidi wa kwanza nani?"

"Mlinzi wa kamba. Ukikubali. Usipokubali nitaivaa nirudi Dodoma, na sitamlaumu mtu."

Hawa alichana ukingo wa kanga yake, akafunga kipande kwenye bangili. Akatembea kupita kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya nane, akafunga fundo mwishoni kabisa. Aliandika kitu daftarini. Alirudi akakaa.

"Sifanyi hivi kwa kuwa nimekusamehe," alisema. "Nafanya kwa kuwa nina mwandiko, na nataka kuwasomea daftari hili wakiwa wamekaa. Foleni ni foleni. Wewe ni wa mwisho. Zamu yako ni Ijumaa ya wiki ijayo. Usichelewe na ndoo."

* * *

Saa 8:00 usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 24 Machi, minara ilisoma watu wa Ngwandoi 1,906 na mhakiki mmoja wakiwa wamelala Kibaoni.

Saa 12:07 asubuhi Ungo ulipokea fomu moja ya marekebisho, yenye jina moja.

Saa 12:09 ulitoa wito: Mhakiki Subilaga Mwalwisi afike mbele ya Baraza la Maadili tarehe 4 Aprili, saa 3:00 asubuhi, aeleze kwa nini kitambulisho chake kilitelekezwa kwenye kibanda cha maji. Shahidi aliyeorodheshwa: Hawa Ntandu, mlinzi wa kamba.

Saa 12:10 neno moja lilibadilika kando ya orodha ya miradi kumi na miwili. Lililokuwapo lilikuwa *Tayari*. Lililoandikwa mahali pake lilikuwa *Imesimamishwa*.